Mji wa Kompyuta Namba Nne

Neema alinipigia simu nikiwa jikoni napara samaki. Mikono imejaa magamba, nikaipokea simu kwa kidole cha mwisho na kuiacha juu ya ndoo, ipige kelele yenyewe. Namba sikuijua. Sauti niliijua kabla hajajitaja, kwa sababu Neema tangu usichana wake huongea kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. "Tatu, ni mimi, Neema wa Muheza. Bi Zena katutoka. Kazikwa jana alasiri, kesho wanaanua tanga. Na safari hii usiniletee visingizio, namba yako nimepewa na mwalimu mwenzako pale Raskazone, najua unapofundisha na najua unapokaa." Nikasema inna lillahi, nikaketi kwenye mbuzi ya nazi, samaki akabaki nusu ana magamba nusu hana. Nilipaswa kuhuzunika, na baadaye nilihuzunika. Lakini kitu cha kwanza kilichonipanda kilikuwa hofu, maana nyumba yake ya Usagara nilikuwa sijaikanyaga kwa miaka ishirini na ushei, na mtu akiniuliza kwa nini nilikuwa namwambia ni mambo ya kazi.

Kweli yenyewe ni hii, na naiandika sasa kwa sababu tangu juzi hainiumi tena. Miaka yote hiyo niliamini kwamba mimi ndiye niliyemuua Mzee Hatibu, mume wa Bi Zena. Sikumpiga wala sikumlisha kitu. Nilimfutia mji wake kwenye kompyuta, na siku mbili baadaye akafa. Hilo nilikuwa sijamwambia mtu, si mume wangu, si Neema, na hata kwenye dua nilikuwa nasema tu "lile jambo," nikiamini Mungu analijua. Nikienda sokoni nilizunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya mlango wao. Wanafunzi wangu wananiita mwalimu mkali. Laiti wangejua huyo mkali wao alivyokuwa akiogopa mlango wa mtu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kurisiti, wa kurudia mtihani. Aliyepitia atanielewa: matokeo ya kidato cha nne yametoka, wenzako wameondoka na masanduku yao ya bati, wewe umebaki mtaani unasalimiwa kwa huruma. Ya nyumbani kwetu nayaacha, kila nyumba ina yake. Inatosha kusema niliambiwa jioni nisome, asubuhi nikajifunze kompyuta, nisionekane nimekaa bure. Bi Zena alikuwa na kompyuta sita ukumbini kwake, zimepangwa juu ya meza mbili ndefu, na madirishani kuna mapazia mazito ya kijani ili jua lisichome vioo. Kila kompyuta ilikuwa na kitambaa chake cha kufunikia, kimefumwa kwa mkono, na ole wako uondoke bila kufunika. Ukumbi ule ulinukia vumbi la mashine zilizopata moto na, kuanzia saa nne, kitunguu kinachokaangwa, kwa kuwa jiko lilikuwa uani, nyuma ya mlango mmoja tu. Tulijifunza kuchapa barua za kuomba kazi huku tukimeza mate.

Hapo ndipo nilipokutana na Neema. Naye alikuwa anarisiti, anakuja kila siku na basi la asubuhi kutoka Muheza na mfuko wa machungwa ambao hata siku moja haukurudi na kitu. Alikuwa akimenya na kuchapa kwa wakati mmoja, vibonye vinanata, Bi Zena anamgombeza, "Neema, hiyo kompyuta si sinia." Tulikaa pamoja kwenye namba nne, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mlango wa uani na hewa ilipita. Kompyuta zote Bi Zena alizinunua zikiwa zimeshatumika ng'ambo, na huyo aliyekuwa na namba nne kabla yetu alisahau humo gemu ya kujenga mji. Tuliigundua mwezi wa pili. Bi Zena alitukuta tunaicheza, akatutazama sana, akasema hana ugomvi nayo mradi tuchape saa nzima kwanza. "Na akili nayo ipumue," akasema, akaenda zake kuepua sufuria.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Unapewa ardhi tupu, majani matupu, na mto unaoshuka kutoka milimani hadi baharini. Unachora barabara, unatenga viwanja, unangoja watu waje wajenge. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, tukawa tunabahatisha, kwa kuwa Kiingereza ndicho kilichotuangusha sote wawili. Mji wetu wa kwanza uliota nyumba nzuri kabisa, kisha juu ya kila paa kukaanza kumulika tone la maji. Neema akasema, "Wanataka maji hawa." Nikamwambia, "Si wakachote? Mto huo hapo." Tukasubiri siku mbili nzima wachimbe kisima. Hawakuchimba, walihama, nyumba zikabaki magofu. Tukaja kuelewa kwamba watu wa gemu hawana ndoo wala hawana jirani wa kumwomba maji. Usipowapelekea bomba mpaka ndani, wanafunga virago. Basi tukaweka pampu mtoni, tukapitisha mabomba chini ya barabara, watu wakarudi, na sisi tukajiona mainjinia.

Kisha gemu ikadai pa kutolea majitaka, na hapo ndipo nilipoonyesha ujuzi wangu. Pampu yetu ilikuwa karibu na bahari, kule nyumba zilikokuwa nyingi. Mimi nikaliweka bomba la majitaka juu yake kidogo, kwenye mto ule ule. Neema akauliza, "Huoni kama uchafu utashuka kwenye pampu?" Nikamcheka. Mimi ni mtoto wa maji ya chumvi, nimejifunza kuogelea Raskazone, na sisi kabla hatujaingia majini tunauliza kwanza yanajaa au yanapwa. Kila mtu wa pwani anajua, kitu ukikitupa maji yakiwa yanapwa hukioni tena. Nikamweleza kituo kwa kituo: "Maji yakijaa, uchafu unasukumwa juu huko. Yakipwa, yanaubeba wote kwa mpigo, unapita mbio mpaka baharini. Pampu haipati kitu." Neema akasema, "Mto wa kwetu haurudi nyuma." Nikamjibu, "Mto wa kwenu uko machungwani. Huu uko pwani, usinifundishe." Akamenya chungwa jingine. Aliyeitengeneza gemu ile hakuwa na habari ya kujaa na kupwa, kwake maji yanakwenda upande mmoja tu mwaka mzima. Siku ya pili yake mji wote ukaugua, misalaba myekundu juu ya kila nyumba, mto umekuwa kahawia mpaka mdomoni, na Neema akanitazama tu.

Sasa nieleze habari za Mzee Hatibu. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha kamba pale mlango wa uani, nyuma yetu kidogo, fimbo imelazwa mapajani. Alikuwa mtu wa mabomba maisha yake yote, ndiye aliyekuwa akizunguka na ufunguo mrefu wa chuma kufungua na kufunga maji ya mitaa, na watu wazima wa Usagara walimwita Fundi Koki. Mwaka uliotangulia alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa na maneno yakaondoka. Sisi tulimwamkia, "Shikamoo babu," asubuhi na wakati wa kuondoka, naye alikuwa hatutazami. Nilikuwa namwogopa kidogo. Kupitia mlango ule tulisikia mengi ambayo hayakuwa yetu. Siku moja Bi Zena alikuwa anatwanga viungo na jirani yake, akasema bila kupunguza sauti, "Hanuni, hakasiriki, hataki. Redio hataki. Watu hataki. Nikimpa kijiko anafumba mdomo mpaka chakula kipoe. Nimeolewa na ukuta." Jirani akasema Mungu atamfungulia. Bi Zena akasema, "Amfungulie upesi, anakwisha." Mimi na Neema tukajifanya tunachapa kwa nguvu.

Siku ile mji ulipougua, fimbo ilipiga sakafu nyuma yetu. Tukageuka. Mzee Hatibu alikuwa ameegemea mbele, jicho limekaza kwenye kioo, anagonga tena na tena. Bi Zena akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani ameanguka. Mzee akamwonyesha kompyuta, akajionyesha yeye, na mimi nikaelewa, nikamwambia Neema tukivute kiti chake. Tulikivuta na yeye juu yake, busati likakunjika. Alipofika karibu alitazama mto, akaona pampu yangu, akaona bomba langu la majitaka, kisha akanitazama mimi. Sijapata kutazamwa hivyo na mkaguzi wa shule. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akachora nyuma ya karatasi ya kuchapia: mstari wa mto, juu kabisa duara, chini kabisa kwenye bahari alama ya kosa. Pampu juu, uchafu chini. Tukafanya hivyo. Misalaba ikaondoka mmoja mmoja, mto ukasafika, watu wakaanza kurudi, na nusu ya uso wa Mzee Hatibu ikacheka. Bi Zena alikuwa bado amesimama na mwiko wake, mchuzi unamdondokea mguuni, na hakuufuta.

Kuanzia hapo mji haukuwa wetu tena, ulikuwa wake na sisi mikono yake. Kila asubuhi tukimaliza kuchapa tulikuta kiti kimeshasogezwa. Bi Zena akagundua kwamba mume wake akiwa mbele ya namba nne anakula bila kujijua, basi akawa analeta sahani hapo hapo. Sharti lake mwenyewe la kutokula karibu na mashine alilivunja mbele ya macho yetu, na Neema naye akadai haki ya machungwa yake. Ilikuwa bada, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa changu, au mihogo ya nazi, au maandazi na chai ya mchaichai siku za mvua, na sisi tulipewa sahani yetu ili Mzee asione anaangaliwa. Bi Zena alikuwa anapita akichungulia sahani, kisha tunamsikia uani akimwambia jirani, "Leo kala. Kala yote, kaomba tena." Mwezi wa tano alipata rangi. Mwezi wa sita alianza kushika mausi mwenyewe kwa kushoto, anatetemeka, anabofya, anakosea, anapiga fimbo, anabofya tena.

Alikuwa mkali, lazima niseme. Nyumba haiwekwi mpaka bomba lifike. Mtaa mpya haufunguliwi mpaka tangi lijae. Neema alitaka uwanja wa mpira, akagongwa kidole. Siku moja alitulazimisha kuweka tangi la pili, na mji haukulihitaji, gemu yenyewe ilionyesha maji yanabaki. Nikamuuliza, "Mzee, la nini?" Akauinua mkono ule mmoja mzima mpaka sikioni, kama muadhini, kisha akaupitisha usoni na kwenye mkono uliokufa, kama mtu anayetawadha. Nikaelewa nikamfasiria Neema, ambaye ni Mlutheri na alikuwa ameduwaa. Alfajiri mji mzima unafungua bomba kwa wakati mmoja kabla ya sala, na miaka yote Mzee ndiye aliyeamka kabla ya muadhini akahakikishe maji yapo mabombani. Watu wa gemu hawakuwa wakiswali, lakini tangi tuliliweka. Tulikuwa tunaliita tangi la adhana. Nikifikiria sasa, naona ule ndio mwaka niliofundishwa kazi, na aliyenifundisha hakunitamkia neno.

Lakini nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nimechoka kugongwa na fimbo. Nilitaka maghorofa. Nilitaka mji wangu niujaze nyumba mpaka ukingoni, maji baadaye, nione itakuwaje. Basi siku moja Neema hakuwapo, alasiri, Mzee amesinzia kwenye kiti chake kidevu kifuani, nikaufunga mji wake nikafungua ardhi mpya. Nikajenga. Mitaa miwili nilijaza, nyumba juu ya nyumba, hakuna hata bomba moja, na wallahi nilifurahi. Binamu yangu alikuwa anaolewa, nilikuwa nasubiriwa kwenda kupaka hina, na mdogo wake akaja mlangoni kuniita mara mbili. Kwa haraka nikabofya kufunga. Kompyuta ikaniuliza swali kwa Kiingereza, swali refu. Sikulisoma. Nikabofya kibonye cha kwanza, nikafunika kitambaa, nikakimbia.

Asubuhi nilifika mapema, hina haijakauka vizuri kwenye kucha. Kompyuta ilikuwa imeshawashwa, Mzee Hatibu ameketi mbele yake peke yake. Kwenye kioo palikuwa patupu. Majani na mto, basi. Hakuna tangi la adhana, hakuna barabara, hakuna ule mtaa Neema aliouita wa machungwa, miezi yote ile imekwenda. Nikalikumbuka lile swali. Nimesevu wangu juu ya wake. Nikapiga magoti kando ya kiti nikasema, "Mzee, ni mimi. Nimeufuta. Sikukusudia." Akageuka. Mdomo ukahangaika, ikatoka sauti ambayo haikuwa neno, kisha akaniinulia ule mkono wa kushoto akanipungia, kwa nguvu, mara tatu, nne, nenda, toka. Nikaenda. Nikatoka pale nalia, nikapishana na Bi Zena anaingia na ndoo, akaniita, sikugeuka.

Siku ya pili yake, jioni, zikaja habari kwamba Mzee Hatibu amefariki. Nilikwenda mazikoni kwa sababu mtaa mzima ulikwenda, nikakaa na wanawake barazani, nyuma kabisa. Mama mmoja nisiyemjua akamwambia mwenzake, "Na alikuwa anaendelea vizuri jamani. Sijui nini kilimstua." Nilisimama nikaondoka bila kumpa Bi Zena mkono. Kompyuta sikurudi. Mtihani nilirudia mwaka ule, nikapita, nikaenda chuo cha ualimu, nikaolewa, nikazaa, nikazika wazazi, na katika yote hayo lile neno la mama yule lilikuwa linanifuata. Mume wangu akisema moyo wangu ni mgumu, nilikuwa namwacha aseme.

Haya, juzi nikaenda. Neema alinisubiri nje ya mlango ule ule, amenenepa, ana magari mawili ya kupeleka machungwa mjini na miwani ya dhahabu, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Tukawasalimu wafiwa, mimi nikasoma nao hitima, macho chini. Ukumbi sasa umewekwa makochi na televisheni. Baada ya wali tukaenda uani kusaidia vyombo, kwa kuwa kwenye msiba mtu asiyekuwa na la kusema huosha vyombo. Neema alikuwa anasugua sufuria ya pilau, mimi nasuuza sahani. Akasema, bila kuniangalia, "Ulipopita mtihani ukatuona sisi takataka. Mimi hayo nilikusamehe. Ila Bi Zena alikuwa anakuulizia." Sikutegemea hilo. Kumbe huko kote alidhani ni majivuno. Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, hapo hapo kwenye karai la vyombo, hina, swali la Kiingereza, kioo kitupu, mkono wa Mzee, mama wa mazikoni, na mwisho nikasema, "Mimi ndiye niliyemuua, Neema."

Neema akaacha kusugua. Alinitazama kama anatafuta kitu alichokiangusha. "Ngoja kwanza. Umesema ulijenga mji wako. Nyumba."

"Nyumba nyingi. Mitaa miwili."

"Na asubuhi ulikuta nini?"

"Nimekwambia. Patupu. Majani na mto."

"Nyumba zako zilikuwepo?"

"Hazikuwepo."

"Sasa wewe Tatu," akasema Neema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alishusha sauti, "mwalimu mzima, kama ungesevu wako juu ya wa Mzee, si ungezikuta nyumba zako?"

Nafundisha hisabati. Kila siku ya Mungu nawaambia watoto wahakiki jibu kabla ya kuleta daftari. Nilisimama na sahani mkononi, maji yananitiririka mpaka kiwiko. Miaka ishirini na ushei nilikuwa nimeibeba ardhi ile tupu kichwani na sikuwahi kujiuliza kwa nini ilikuwa tupu.

"Mji ulikuwepo," Neema akasema. "Siku ile basi letu liliharibika, nikafika saa tano, nikaukuta mzima, na tangi lake la adhana. Mimi na Bi Zena tuliuendeleza mpaka namba nne ilipokufa yenyewe. Hicho ulichokiona wewe ni Mzee alikuwa ameanza upya. Alimwamsha Bi Zena alfajiri amwashie."

"Alinifukuza, Neema. Alinifanyia hivi." Nikamwonyesha.

Neema akaketi juu ya ndoo akacheka mpaka akavua miwani. "Huko ndiko kuita kwake. Si ndivyo alivyokuwa akituita sote, kama anafukuza kuku? Mkono wa kushoto ule ulikuwa haujawahi kuita mtu maisha yake yote. Wewe ulikuwa unajua hivyo miezi yote. Siku hiyo tu ulikuwa na hatia yako machoni."

"Na kilichomstua?"

"Nani alistuka? Kala, kaswali alasiri kwenye kiti, kalala. Wewe umewahi kwenda maziko gani usisikie mtu anasema hajui nini kilimstua?"

Nikaketi na mimi, chini, kwenye saruji yenye maji, na nguo yangu ya msiba. Nilihisi kifua kimefunguliwa kibwebwe. Nilitaka kucheka na nilikuwa nalia, nalia kwa sauti, mpaka wanawake wakaja wakidhani namlilia Bi Zena, wakanishika mabega wakaniambia nisubiri, ni kazi ya Mungu. Na Bi Zena nilikuwa namlilia pia, maana nilimnyima uso wangu bure. Neema akawaambia waniache, nikimaliza nitanyamaza mwenyewe. Nilipomaliza nilijifuta kwa kanga yake na nikamuuliza kwa nini Mzee alianza upya, na mji wake ulikuwa umekamilika.

"Alikuona," Neema akasema. "Alasiri ile hakuwa amelala. Bi Zena aliniambia, aliingia chumbani anacheka ule upande wake mmoja, anamwonyesha kwa kidole hivi, nyumba, nyumba, nyumba, kisha anatikisa kichwa, maji hamna. Kulipokucha akataka ardhi tupu. Siku mbili zile mimi naye tulifanya mabomba tu. Pampu juu, majitaka chini kabisa, matangi mawili, mabomba kila barabara, na hakuna hata kibanda. Nikigusa nyumba ananigonga. Nikamuuliza, Mzee, nyumba tunaweka lini? Ananionyesha kiti chako."

Nikamuuliza ile ardhi nayo iliishia wapi. Neema alikuwa amesharudia sufuria yake.

"Ilikaa vile vile, na maji yake, miaka mpaka mashine ikafa. Watoto walikuwa wanataka kuijenga, Bi Zena anakataa. Anawaambia ina mwenyewe."